Mgeni Aliyeachwa Kwenye Viatu

Usiku wa jana niliota Harusi ya dada yangu amekaa chumbani kwetu, ukingoni mwa kitanda, anatafuna karanga.

Sisemi bibi harusi. Nasema Harusi yenyewe. Alikuwa msichana mwenye ushungi wa kijani na hina iliyopanda mpaka viwikoni, na tarehe yake imeandikwa kwenye paji la uso kwa mwandiko mzuri: Jumamosi, tarehe ishirini na tisa. Mgongoni amebandikwa kadi ya mwaliko kwa pini, kama bei ya gauni dukani.

"Umechelewa," akaniambia. "Wageni wako njiani."

"Wageni gani?"

"Wanaokuja kuniposa."

Sikushangaa. Nilichota karanga mbili nikakaa kando yake.

Hapa niseme jambo moja la mchana, lisilo la ndoto. Dada yangu Mwanahamisi, ambaye nyumbani tunamwita Hamisa, anaolewa na Mbaruku, fundi majokofu wa Chumbageni. Mambo yalikwenda vizuri mpaka mjomba wa Mbaruku alipotaka kadi za mwaliko ziandikwe kwa Kiingereza. Kadi za watu wa Ngamiani, kwenda kwa watu wa Ngamiani, kuwaita waje kula pilau Ngamiani, kwa Kiingereza. Mimi nina stashahada ya uhariri na ninafanya kazi kwenye duka la uchapaji, kwa hiyo rasimu ililetwa mezani kwangu. Nikaisoma. Nikaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Wageni watatafsiriwa na nani?" Nikamrudishia mjomba mwenyewe, mkononi.

Kadi akazichapisha kwingine. Tangu hapo ni siku ya tano, simu ya Mbaruku inaita bila kupokelewa. Dada yangu hajanilaumu. Anaosha sufuria moja mara tatu kwa siku, na kila akimaliza ananitazama.

Turudi ndotoni.

Mlango ukabishwa, na kabla hatujasema karibu akaingia mhuri. Mhuri wa ofisini, ila mrefu kama mimi, kichwa cha mpini wa mbao, tai shingoni, na mguu mmoja mpana wa mpira uliolowa wino wa zambarau. Kila akimaliza sentensi aliruka juu akatua kwa kishindo, na sakafuni pakabaki duara.

"Karani Mhuri, Idara ya Jozi," akasema. Kishindo. "Harusi hii imeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo ni nomino yetu." Kishindo. "Nomino yetu haikai bila kitenzi. Ikifika saa kumi alasiri hajapata mwenzi, tunamwondoa kwenye sentensi."

"Akiondolewa anakwenda wapi?" nikauliza.

"Haendi. Anakuwa hajawahi kuwepo." Kishindo.

Hapo chumba kikawa sebule. Shangazi Mwantumu, ambaye kwa kweli anaishi Muheza na magoti yake hayamruhusu kupanda basi, alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu ameikunja kama binti wa miaka kumi. Posa zote za ukoo wetu hupita mikononi mwake. Hakuna neno "tumekubali" lililowahi kutoka nyumba hii bila yeye kuligonga kwanza kwa ukucha asikie kama limepasuka.

"Mshenga wao nani?" akauliza.

"Mimi," akasema Karani.

"Mshenga wa nani?"

"Wa wote."

Shangazi akanigeukia. "Saumu, umesikia? Haya ya kuposa wamemwajiri mtu mmoja awasemee wote."

"Ndivyo walivyo, Shangazi. Hata chai yao huitia maziwa baridi."

Wa kwanza kuingia alikuwa kitenzi Put. Kazi yake ukimkuta peke yake ni kuweka, kazi ambayo hata sisi tunayo na hatujaitangaza. Lakini hakuja peke yake. Nyuma yake kulikuwa na vijitu kumi na kimoja vimeshikana mikono, hakuna kilichozidi kimo cha chupa ya soda, vinamfuata kama vifaranga. Shangazi akauliza swali ambalo posa zote kwetu huanza nalo.

"Mmekuja wangapi?"

Ni desturi. Kila aliyevuka kizingiti hutajwa jina, huulizwa hali, huambiwa karibu, hata kama alikuja kushika mwavuli tu. Put akaanza kuwataja mmoja mmoja: On, Off, Up, Out, Down, Away. Kila mmoja akasema shikamoo, na kila mmoja Shangazi akamwitikia marahaba, akamwuliza kwao wazima. Nikaona robo saa imekwisha.

"Hawa wote wa nini?" nikamkatiza.

"Ndio maana yangu," akasema Put. "Bila wao mimi ni kuweka tu."

"Tuonyeshe."

Put anamshika On mkono. Viatu vyote vilivyokuwa mlangoni vinaruka vinamwingia miguuni, jozi juu ya jozi, na kandambili za Shangazi zinakaa juu kabisa. Anamwachia On, anamshika Out. Jiko la mkaa uani linazimika. Anamwachia Out, anamshika Off. Mkutano wa mtaa uliokuwa ukipita barabarani na ajenda zake kichwani unasimama, unageuka, unasema utarudi Jumatano.

"Na huyu Harusi utamfanya nini?" akauliza Shangazi.

"Kwake ningekwenda na Off. Tungemwahirisha. Mwakani, au ule mwingine."

Harusi akaacha kutafuna.

"Nenda zako," nikamwambia Put, "na uturudishie viatu."

Alipoondoka nilisimama katikati ya sebule nikasema nilichokuwa nacho moyoni. Nilisema kitenzi cha kwetu ni mtu mzima. Chukua "nitawapikia". Ndani yake yupo mpishi, ipo siku, wapo walaji, na chungu kimeshatelekwa. Neno moja, nyumba nzima. Hawa wao wanamtoa mwanamume mwenye suti, halafu ukimwuliza maana yake anaanza kutafuta kitoto cha kukishika mkono. Nikachukua chaki nikaandika mlangoni: VIJITU VYOTE VIBAKI KWENYE VIATU.

"Mwanangu," akasema Shangazi, "mlango si ubao."

"Shangazi, wale si watu. Ni mikia."

"Hata mkia una mwenyewe."

Nikajifuta chaki mikononi nikageukia mlango.

Aliyefuata alikuwa Give. Aliingia mikono juu, amekwisha kukata tamaa kabla hajaketi. Shangazi akampa maji, akanywa, akashukuru, akatoka kinyumenyume. Alipopita mlangoni niliona kijitu chake, Up, kinamsubiri juu ya raba ya mtu, nacho mikono juu.

Halafu akaingia Call.

Nikiri kwamba Call ni mzuri wa sura. Mrefu, shingo ndefu, suti ya rangi ya majivu, na mdomo mpana uliochomoza mbele kama tarumbeta. Alivua kofia. Alikuja mkono mtupu, hana kijitu chochote ubavuni. Ukutani saa ilionyesha tisa na dakika hamsini na mbili.

"Mmekuja wangapi?" akauliza Shangazi.

"Wawili," akasema Call.

"Wa pili yuko wapi?"

"Mlangoni. Nimesoma tangazo."

"Aitwe. Atutajie jina, tumwulize hali."

"Shangazi," nikasema, "zimebaki dakika nane."

"Dakika nane zinatosha kumjulia mtu hali."

"Zitatosha kumjulia hali mkia, na Harusi afutwe? Wewe bwana, kazi yako nini?"

"Kuita," akasema Call.

Nikamtazama Harusi, naye akanitazama. Nikawaza: kuita. Harusi ni kitu gani kama si kuita watu? Unaita jirani, unaita ndugu wa Muheza, unaita na yule usiyempenda ili asije akasema hakuitwa. Katika vitenzi vyote vya Kiingereza, kama lazima tuchukue kimoja, basi kiwe hiki. Nilijiona mwerevu sana. Nilijiona nimewashinda kwenye mchezo wao wenyewe.

"Tumekubali," nikasema.

Shangazi alifungua mdomo. Karani Mhuri alikuwa amesharuka. Alitua katikati ya mkeka, na duara la zambarau likaenea mpaka kutani.

Call akapiga mluzi mmoja.

Kutoka kwenye viatu kikaja kijitu chembamba, kimevaa koti lililokizidi, kimebeba begi. Hakikutazama mtu. Kilitembea moja kwa moja mpaka kwa Call, kikamshika kidole, na kikakaa kama mtu anayeripoti zamu.

"Huyu ndiye mwenzangu," akasema Call. "Anaitwa Off."

"Ukiwa naye mnafanya nini?" nikauliza, ingawa nilijua. Nilifundishwa chuoni, nikafaulu.

"Tukiwa wawili hatuiti tena," akasema. "Tunavunja. Huwa tunavunja migomo, mikutano, mechi mvua ikinyesha. Ila kazi tunayojulikana nayo zaidi ni harusi."

Nikamgeukia Harusi. Hina inashuka. Imetoka viwikoni, inashuka mikononi, inakusanyika kwenye ncha za vidole kama maji ya bomba yanayokwisha. Kwenye paji la uso neno Jumamosi halina tena mwanzo. Anasoma "mosi" tu.

Nikakimbilia jikoni. Dada Hamisa amekaa kwenye kigoda, anachambua mchele kwenye ungo. Punje alizozichambua zinaondoka moja moja, zinatembea sakafuni kwa mstari, zinapanda gunia, zinaingia. Vitunguu vilivyokatwa vinajifunga. Nje mafundi wa turubai wanarudi kinyumenyume, wanang'oa nguzo ambazo hawajazipiga bado.

Hamisa hakulia. Aliinua uso.

"Saumu, umekubali nini huko nje?"

"Nimekubali kitenzi."

"Kizima au nusu?"

 Akarudi kwenye ungo wake, ambao sasa ulikuwa mtupu, akaendelea kuchambua.

Nilipotoka jikoni sikutokea sebuleni. Nilitokea kwenye stoo ndefu yenye rafu mpaka juu, na juu ya mlango pameandikwa IDARA YA JOZI. Karani Mhuri alikuwa nyuma ya kaunta anakula pedi ya wino kwa kijiko.

"Nataka kuvunja mkataba," nikasema.

"Call na Off pia walitaka kuvunja," akasema. "Wamevunja." Kishindo. "Pita, angalia wenzio wanavyokaa kwa amani."

Nikapita. Katika rafu ya kwanza kulikuwa na Ombi, ananing'inia kichwa chini, damu imemjaa usoni. Kitenzi Turn na kijitu chake Down walikuwa wamempindua hivyo tangu alipofika.

"Umeomba nini mpaka wakufanye hivi?" nikamwuliza.

"Kazi," akasema Ombi. "Wamenikataa. Kwao kukataa ni hivi."

"Kwetu wangekwambia uje kesho."

"Heri," akasema. "Ningekuwa nimekaa."

Rafu ya pili, kitenzi Bring alikuwa akipanda ngazi amembeba Mtoto mgongoni, kijitu Up kinawaelekeza kwa mbele. Mtoto alikuwa na ndevu.

"Wananilea," akanieleza. "Kwao ulezi ni kupandishwa juu. Nina miaka arobaini na moja. Hatujafika."

Rafu ya tatu, Look ametazama dari, shingo imekakamaa, kijitu chake Up kinamshikilia kidevu. Wanatafuta neno kwenye kamusi. Kamusi imefunguka sakafuni, na neno lenyewe liko chini ya kiatu cha Look, linamgonga soli taratibu.

Nilicheka. Nilicheka kile kicheko changu ambacho mama hunikataza mbele ya wakwe. Halafu nikafika kwenye rafu ya nne, ambayo ilikuwa tupu, imefagiliwa, na kibandiko chake hakijakauka: HARUSI, MWANAHAMISI NA MBARUKU, NGAMIANI. Kicheko kikaniishia kinywani kama maji yaliyokatika.

"Hakuna njia?" nikamwuliza Karani. Sauti yangu haikuwa ya stashahada.

"Sheria inaruhusu nomino kukaa katikati," akasema. "Kati ya kitenzi na kijitu chake. Ukitaka mkalishe hapo." Kishindo.

Nikarudi mbio na stoo ikawa sebule. Nikamshika Harusi mkono, alikuwa mwepesi kama nguo iliyokauka, nikamkalisha katikati: Call kulia, Off kushoto. Nikasubiri.

"Kuna nafuu?" nikamwuliza.

"Hapana," akasema Harusi. "Ni vilevile, ila sasa navunjwa kutoka pande mbili."

Nikamgeukia Karani, naye akainamisha mpini wake. "Nilikwambia inaruhusu. Sikukwambia inasaidia."

Shangazi Mwantumu hakuwa amesogea kwenye mkeka. Duara la zambarau lilikuwa chini yake na alikuwa amelitandikia kanga juu, kama mtu anayefunika kidonda cha mgeni asione haya.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Nimemaliza, Shangazi."

"Umepigana na karani, umepigana na sheria, umeandika mlango wangu chaki. Mimi niliuliza swali moja hapa. Niliuliza wamekuja wangapi, nikaambiwa wawili, nikaona mmoja. Posa ambayo mgeni wake mmoja hakujuliwa hali haijaingia nyumba hii. Bado iko kwenye viatu. Huyo Karani amegonga mkeka tu."

Karani Mhuri akaacha kutafuna wino. "Hilo haliko kwenye kanuni."

"Kanuni zako ziko kwenu," akasema Shangazi. "Umekuja kuposa kwangu. Saumu, nenda mlangoni ukaanze upya. Na mdomo wako uuache hapa, nitakushikia."

Call akarudi mlangoni, maana Shangazi alimtazama. Off akarudi kwenye viatu, akakaa juu ya kandambili, begi mapajani. Mimi nikamfuata. Kila hatua ilinigharimu. Mimi, niliyewaambia wenzangu wa mwaka wa kwanza chuoni kwamba vijitu hivi ni magongo ya lugha iliyovunjika mguu, nikachuchumaa mbele ya kimoja.

"Hujambo," nikasema.

Akatazama nyuma yake kama kuna mwingine.

"Nasema na wewe. Hujambo?"

"Sijui," akasema Off. "Sijawahi kuulizwa."

"Basi jibu la kawaida ni sijambo."

"Sijambo," akasema, polepole, kama anayejaribu kiatu.

"Karibu ndani. Samahani kwa tangazo."

"Lilikuwa na hati nzuri," akasema.

Nilimwingiza, nikamkalisha mkekani upande wa wageni, nikamletea maji ya kunawa. Mikono yake ilikuwa midogo, na vidole vyote vina sugu. Dada Hamisa akatoka jikoni na sahani ya mwisho ya pilau, ile ambayo ilikuwa haijafanikiwa kurudi kuwa mchele, akaiweka mbele yake bila kumwuliza ni nani. Hivyo ndivyo dada yangu alivyo. Huwa anatenga chakula kwanza.

Off akala kwa adabu kuliko nilivyotaka. Nilikuwa nimejiandaa kumdharau kwenye kula.

"Jina lako?" akaanza Shangazi.

"Off."

"Kwenu wazima?"

"Kwetu hawalali, kwa hiyo siwezi kujua kama ni wazima."

"Kazi yako?"

"Kazi zote," akasema. "Kuzima taa, mimi. Kuzima redio, mimi. Kuvua shati, kukata tawi, ndege ikipaa, maziwa yakichacha, bomu likilipuka, mimi. Leo nimeahirisha mikutano na Put. Jioni nina harusi nyingine mbili. Na kwenye kila kazi jina la kwanza ni la mwingine. Nikikosekana wanasema mwanafunzi amesahau kijitu. Nikiwepo, hawasemi."

"Nilidhani unaringa," nikasema, maana mdomo wangu ulikuwa kwa Shangazi lakini haukuwa mbali.

"Nilidhani wewe unaringa," akasema Off.

Shangazi akacheka kwa pua.

"Sasa nisikilize, baba," akamwambia. Alimwita baba, kama anavyowaita wageni wote wanaume, hata wa kimo cha chupa. "Kwetu mtu hapelekwi kwenye posa kama begi. Mwenzako anamtaka huyu Harusi. Wewe unamtaka?"

 Karani Mhuri akapekua karatasi. "Yeye haulizwi. Haina fomu."

"Mimi sina fomu pia," akasema Shangazi. "Baba, unamtaka?"

Off akamtazama Harusi. Hina yake ilikuwa imebaki kwenye ukucha mmoja, wa kidole kidogo.

"Hapana," akasema. "Sina ugomvi naye."

"Unataka nini?"

Alifikiri mpaka saa ya ukutani ikachoka kusubiri, ikakaa chini.

"Kulala," akasema.

Hamisa akaondoa sahani. Nikamletea mto. Akalivua koti, akalikunja vizuri, akaweka begi kando ya mto, na kabla sijamfunika alikuwa ameshalala. Alikoroma kwa sauti nzito isiyolingana naye, sauti ya mashine kubwa inayozimwa mwisho wa zamu.

Karani Mhuri aliruka mara tatu akijaribu kupata la kusema. Wino ulikuwa umekauka. Kilitoka kishindo, duara halikutoka.

"Haya," Shangazi akamwambia Call. "Sasa tumekujua wewe na tumemjua mwenzako. Fanya kazi yako."

Call akaingia, akakohoa. Alisimama katikati ya sebule, suti imenyooka, hana wa kumshika mkono. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kusimama hivyo mbele za watu, nami sikuchukia kuliona hilo. Akafungua ule mdomo wa tarumbeta.

"Harusi," akaita.

"Abee," akaitika Harusi.

Basi. Hiyo ndiyo kazi yake yote akiwa peke yake. Aliita, akaitikiwa. Hina ikapanda kutoka kwenye ukucha mmoja, ikajaza vidole, ikapita viganja, ikasimama viwikoni. Tarehe ikarudi mahali pake, na Jumamosi ikapata mwanzo. Jikoni mchele ulishuka kutoka kwenye gunia bila mtu kuumimina, na nje mafundi wa turubai wakaja mbele, kwa nyuso, wakiulizana nyundo iko wapi.

"Saa kumi," akasema Karani Mhuri kwa unyonge.

"Karibu tena," akasema Shangazi Mwantumu, "ila uje na mshenga."

Harusi akapita mbele yangu akielekea jikoni kwa dada yangu. Alinyoosha mkono nyuma, akachomoa pini, akanipa ile kadi. Nilitaka kuisoma. Herufi zilikuwa zimeinuka kwenye karatasi zinanikonyeza, na ilikuwa ni wakati ule ule ambapo baridi ilianza kunipiga miguuni.

Nikaamka.

Ilikuwa asubuhi, jua limeshaingia dirishani, shuka imeanguka sakafuni. Feni ya mezani ilikuwa inavuma kwa kasi ya tatu moja kwa moja kwenye nyayo zangu. Dada Hamisa amesimama kando yake, simu sikioni, mkono mmoja amejiziba sikio la pili. Uso wake ulikuwa ule ambao sikuuona kwa siku tano.

"Mbaruku, sikusikii, sema tena," anasema. "Mjomba wako alisemaje? ... Alitaka kuvunja? Lini? ... Jana? ... Halafu? ... Amelala? Amelala vipi katikati ya kikao?"

Akasikiliza. Akaanza kucheka, halafu akakaa kitandani kwangu bila kujua kama amekaa juu ya mguu wangu.

"Subiri, subiri. Feni inapiga kelele. Saumu, nizimie hii feni, haizimiki, nimezungusha kitufe mpaka nimechoka."

Niliinama kwenye kitufe cha feni. Tatu ipo. Mbili ipo. Moja ipo. Mbele ya moja, pale palipokuwa na neno la kuzimia, plastiki ni nyeupe tupu. Haijakwanguliwa. Haijafutika. Ni laini kama haijawahi kuandikwa kitu, ila ukipitisha kidole inateleza kidogo, kama mafuta ya pilau.

Nikaweka sikio karibu na kitufe. Chini ya mvumo wa feni kulikuwa na sauti nyingine, nzito, ya taratibu.

"Vipi, imeharibika?" akauliza Hamisa, ameziba simu kwa kiganja.

"Haijaharibika," nikamwambia. "Chukua simu ukaongelee nje. Tumwache alale."